Darsa la Ramadhani, Siku ya 17: Deni Kabla ya Idi



Ndugu zangu wa Mlandege, na nyie mnaotusoma kutoka Kihesa, Ipogolo, Mtwivila mpaka Mbeya mjini, poleni na funga. Darsa la leo ni refu kuliko la jana. Kama uko mezani kwako sokoni unahudumia wateja, liache kwanza, ulisome baada ya futari. Leo tunaongelea mkopo, na tunaongea na wote wawili: anayekopa na anayekopesha.

Kwa nini leo? Kwa sababu kumi la mwisho linakuja. Nguo za watoto zimeshaanza kutundikwa mpaka nje ya vibanda, mafundi cherehani wiki ijayo watakuwa hawapokei tena vitambaa, na vijana wenye madaftari ya mikopo wanazunguka meza kwa meza. Hao kalenda yetu wanaijua vizuri kuliko sisi wenyewe. Wanajua mama mwenye watoto wanne hawezi kuwaambia Idi ya mwaka huu hakuna nguo. Anaambiwa lete namba ya NIDA na picha mbili tu, jioni hela iko mkononi. Mwezi wa mfungo sita anaanza kuikimbia meza yake mwenyewe.

Tuanze na jeneza. Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Salama bin Akwa'a kwamba liliwahi kuletwa jeneza mbele ya Mtume (s.a.w.) ili aliswalie. Akauliza kama maiti ana deni. Hana. Akaswali. Likaletwa la pili, huyu ana deni, lakini ameacha dinari tatu. Akaswali. Likaletwa la tatu, hakuacha chochote na anadaiwa dinari tatu. Hapo Mtume akawaambia maswahaba wamswalie wao mwenzao. Ikabidi Abu Qatada asimame aseme deni hilo analibeba yeye, ndipo Mtume akaswali.

Dinari tatu ni kiasi gani? Dinari moja ni gramu 4.25 za dhahabu, tatu ni gramu 12.75. Nenda kwa sonara yeyote hapo mjini umuulize bei ya gramu leo, halafu zidisha. Utaona siyo fedha ya kutisha. Wengi wetu humu tunadaiwa zaidi ya hiyo, na tunalala usingizi mzuri tu.

Baadaye, Allah (s.w.) alipowafungulia Waislamu mali, Mtume akawa analipa mwenyewe madeni ya waumini waliokufa hawana kitu. Kwa hiyo ile mara ya kwanza haikuwa chuki kwa yule maiti. Ilikuwa ni kututisha sisi tuliobaki hai.

Lakini pia tusipeleke jambo upande wa pili. Kukopa siyo dhambi wala siyo aibu. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alifariki deraya yake ya chuma iko rehani kwa Myahudi mmoja wa Madina, kwa pishi thelathini za shayiri alizochukua kwa ajili ya watu wa nyumbani kwake. Angalia vitu vitatu hapo: alikopa chakula, siyo pambo. Aliweka rehani inayoeleweka. Na kila mtu alijua deni lipo, ndiyo maana mpaka leo sisi tunajua.

Hicho cha tatu ndicho kinachotushinda. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an nzima siyo ya swala wala ya hija, ni ya deni. Ni Suratul Baqara, aya ya 282. Inatuamrisha tukikopeshana kwa muda maalumu tuandike, aandike mwandishi muadilifu, wawepo mashahidi, na tusione uvivu kuandika hata kama deni ni dogo. Sisi tunaona kuandikishana ni kukosa imani. "Aah, wewe ndugu yangu, tutaandikishana kweli?" Miaka miwili baadaye hamsalimiani, mmoja anakumbuka laki tatu, mwingine anakumbuka laki mbili na nusu, na wote wawili wanaapa wallahi.

Na kuna neno ndani ya aya hiyo watu wengi wanalipita haraka. Anayetakiwa kusema maneno yaandikwe ni yule *anayedaiwa*. Ndiyo, mdaiwa ndiye anayeandikisha, na kama hajiwezi, anamwandikishia msimamizi wake kwa uadilifu. Kwa nini? Kwa sababu ukiyasema mwenyewe kwa mdomo wako, umeyaelewa. Sasa linganisha na fomu za siku hizi. Mkopeshaji amekuja nayo imeshachapwa, kurasa nne, maandishi kama chawa, wewe unaonyeshwa tu pa kuweka dole gumba. Basi jifunze kugeuza jambo: kabla hujasaini, mwambie yule kijana asubiri, halafu wewe useme kwa sauti, "Napokea shilingi kadhaa mkononi, nitarudisha jumla ya shilingi kadhaa, kila siku kadhaa, mpaka tarehe fulani, nikichelewa itakuwa hivi." Ukishindwa kuijaza sentensi hiyo, hujajua unachosaini.

Tuijaze kwa mfano. Hii ndiyo ile watu wameipa jina la *kausha damu*, na jina limekaa mahali pake.

Unakopa laki moja. Wanakata elfu tano ya fomu palepale, unaondoka na elfu tisini na tano. Unatakiwa kulipa elfu tano kila siku kwa siku 26. Ukizidisha ni 130,000. Kwa hiyo umepokea 95,000 na umelipa 130,000, tofauti ni 35,000. Ni kama asilimia 37 ya ulichopokea, ndani ya mwezi mmoja. Haijaishia hapo. Hukukaa na ile 95,000 mwezi mzima. Ulianza kuirudisha kesho yake asubuhi, hata meza hujaitandika vizuri. Ukichukua wastani wa mwezi wote, fedha yao uliyokuwa nayo mkononi ni kama elfu hamsini hivi. Umelipa 35,000 kwa kutumia elfu hamsini. Hakuna nyanya ya Ilula wala dagaa wa Nyasa atakayekupa faida ya namna hiyo kwa mwezi. Ndiyo maana mtu analipa mkopo wa kwanza kwa kuchukua wa pili, na wa pili kwa wa tatu, halafu siku moja simu haipatikani, watoto wanaulizwa mama yuko wapi, wanasema kasafiri.

Wapo wanaosema, "Sheikh, serikali imeruhusu." Serikali imeruhusu nini hasa? Tuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Imewagawa watoa huduma madaraja manne. La kwanza ni taasisi zinazopokea amana za wananchi. La pili ni kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana. Hapo ndipo wengi wa hawa wa mitaani wanapotakiwa kuwa. La tatu ni SACCOS, la nne ni vikundi kama VICOBA, ambavyo vinasajiliwa kwenye halmashauri. Wa daraja la pili wanatakiwa wawe na leseni ya Benki Kuu, na riba yao ina kikomo: asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki moja hiyo ni shilingi 3,500 kwa mwezi. Rudi uangalie ile 35,000 ya juu.

Naomba nieleweke. Sisemi asilimia 3.5 ni halali kwetu. Riba ni riba, iwe moja iwe mia, na aya za 275 mpaka 279 za Suratul Baqara zimelitangazia vita jambo hilo. Ninachosema ni kwamba huyu anayekutisha kwa polisi huenda yeye mwenyewe yuko nje ya sheria. Muulize leseni yake. Deni ni kesi ya madai, linapelekwa Mahakama ya Mwanzo. Mtu kuja usiku kukubebea kochi na jiko la gesi bila amri ya mahakama, huo siyo ukusanyaji wa deni.

Na zile za kwenye simu ni hivyo hivyo. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zinakopesha mtandaoni bila leseni. Unapakua, inakuomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yako, wewe unabonyeza kubali, kubali, kubali. Ukichelewa siku mbili, mkwe wako anapigiwa simu kuambiwa umekimbia na deni. Taarifa binafsi za watu zina sheria yake tangu 2022, hii ya kumtangaza mtu haikubaliki huko pia. Ila kinga nzuri ni kutobonyeza.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hapa Mlandege linatugusa sana kwa sababu ya magari yanayotoka Pawaga na Idodi. Miaka hii Ramadhani inaangukia masika, mpunga bado uko majini, mkulima hana hela. Mwenye hela anamfuata. "Chukua laki moja sasa hivi, ukivuna nitakuja kuchukua gunia mbili. Ukikosa msimu huu, zitakuwa tatu." Mkulima anakubali kwa sababu nyumbani kuna njaa. Na huyu mwenye hela ukimkuta msikitini, safu ya mbele, anasema yeye hali riba, yeye anafanya biashara ya mpunga.

Je, kununua mpunga ambao bado haujavunwa ni haramu moja kwa moja? Hapana, na hapa ndipo dini yetu ilivyo pana. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wanalipia tende mwaka mzima au miaka miwili kabla. Hakuwakataza. Aliwawekea masharti: kipimo kijulikane, uzito ujulikane, na muda ujulikane. Ni hadithi ya Ibn Abbas, iko kwa Bukhari na Muslim, na biashara hiyo inaitwa *salam*. Wanazuoni wetu wa Kishafii wakafafanua: fedha yote ilipwe palepale mnapofungiana mkataba, siyo nusu leo nusu kesho. Bidhaa ielezwe sifa zake, mpunga wa aina gani, mkavu au mbichi, gunia la kilo ngapi (na hapa lumbesa haina nafasi, kilo ni kilo). Isiwe mazao ya kipande fulani cha shamba peke yake, maana hujui hicho kipande kitatoa au hakitatoi kitu. Tarehe itajwe. Na mkulima akishindwa kabisa kuleta, mnunuzi ana mambo mawili: asubiri, au arudishiwe fedha yake ile ile aliyotoa. Ile ile. Gunia la tatu halipo.

Gunia la tatu ndilo lililoigeuza biashara kuwa riba. Tena ni ile ile ya zama za ujahili, ambapo muda ukifika mdaiwa alikuwa anaulizwa: unalipa, au unaongeza? Kwa hiyo wewe mwenye mtaji, kama unataka kununua mpunga wa Pawaga mapema, nunua kwa salam, upate faida yako kwa halali. Na bei pia muogope Allah. Kupunguza kidogo kwa kuwa umetoa hela mapema, sawa. Lakini kumnunua mtu gunia kwa theluthi ya bei kwa sababu mtoto wake anaumwa, hata kama karatasi yako ina masharti yote niliyoyataja, mimi sioni utamjibu nini Mola wako siku hiyo.

Vijana wa bodaboda nao wameuliza sana kuhusu *mkataba*. Tuseme pikipiki taslimu ni milioni 3. Mwenye pikipiki anakwambia lipa elfu kumi kwa siku, siku 420, ikiisha ni yako. Jumla milioni 4 na laki 2. Je, ile milioni moja na laki mbili ya juu ni riba? Jumhuri ya wanazuoni, na madhehebu manne yamo, wanaona bei ya mkopo inaweza kuwa kubwa kuliko bei ya taslimu, ilimradi mmekubaliana bei *moja* kabla hamjaachana, na haiongezeki tena. Huyo kakuuzia chombo, hajakuuzia fedha. Lakini mkataba ukisema kila siku utakayochelewa unaongeza elfu mbili, hiyo elfu mbili ni riba. Na ile mikataba inayosema ukikosa siku tatu pikipiki inarudi kwa mwenyewe na milioni tatu ulizokwisha lipa zinapotea, huo ni ulaji wa mali ya watu kwa batili. Kaeni chini muandike kitu chenye uadilifu: akishindwa, pikipiki iuzwe, mwenye deni lake achukue kilichobaki, kinachozidi kijana arudishiwe.

Hivyo hivyo kwa *kuweka bondi*. Rehani ni halali, tumeona deraya ya Mtume. Lakini simu au friji uliyowekewa ni amana ya dhamana, bado ni mali ya mwenyewe. Huiuzi kwa sababu tu tarehe imepita, unauza kwa idhini yake au kwa hukumu, unachukua chako, unarudisha kilichozidi. Kibanda kilichojaa redio na televisheni za watu zilizouzwa kwa nusu ya bei bila wenyewe kujua, hicho hakina baraka.

Na wewe unayekopa, kuna vitu viwili usivitoe bondi hata kwa laki tano. Cha kwanza ni kadi yako ya benki na namba yake ya siri. Walimu wengi wanalijua hili. Mshahara unaingia, anayeutoa ni mtu mwingine, wewe unapewa kilichobaki kama mtoto anayepewa hela ya pipi. Cha pili ni karatasi ya *mauziano* ya kiwanja au nyumba inayoitwa mkopo. Umekopa milioni mbili, umesainishwa kwamba umeuza nyumba kwa milioni mbili, mwenyekiti wa mtaa kagonga muhuri. Mdomoni mnasema mkopo, kwenye karatasi umeuza. Ukifa kesho, watoto wako watabishana na karatasi.

Sasa vikoba. Dada zangu najua mnaningoja hapa.

Kununua hisa pamoja, kuchangia mfuko wa jamii, kumsaidia mwenzenu aliyefiwa, yote hayo ni mazuri sana. Tatizo ni pale mnapokopeshana kwa asilimia kumi halafu mwisho wa mwaka mnagawana. Nimesikia hoja kwamba riba inarudi kwetu wenyewe. Hairudi kwa usawa. Aliyekopa mara tano kwa sababu ana shida ndiye aliyelipa, na asiyekopa hata mara moja kwa sababu mume wake ana mshahara ndiye anayekuja kubeba gawio nono Desemba. Mwenye shida amemlipa mwenye nafuu.

Njia ipo, na mnaijua tangu kwa bibi zenu: *mchezo*. Watu kumi, kila mmoja elfu ishirini kwa wiki, kila wiki mmoja anabeba laki mbili. Hakuna ziada ya hata shilingi. Huu ni mkopo wa bure wa kupokezana. Na msidhani ni kitu cha juzi. Mwanachuoni mkubwa wa Kishafii wa Misri, Waliyyuddin Abu Zur'a al-Iraqi, aliyefariki mwaka 826 Hijria, aliulizwa kuhusu mchezo kama huo uliokuwa unachezwa na wanawake wa zama zake, akasema unajuzu. Qalyubi kalinukuu hilo kwenye maandishi yake. Miaka mia sita iliyopita akina mama wa Misri walikuwa wanacheza mchezo! Sharti ni uaminifu. Aliyebeba wiki ya kwanza asihame Iringa wiki ya pili. Andikeni majina, muweke mashahidi, kama aya ilivyosema.

Kama mnataka mtaji mkubwa zaidi, ipo ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Kwa mujibu wa sheria haina riba. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa 2024. Muoneni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Inasikitisha kuona kikundi cha akina mama wa Kiislamu kimejaa kwenye foleni ya kausha damu na mkopo usio na riba uko ofisi ya kata hawajawahi hata kuuliza. Mlolongo ni mrefu, kweli, na mnatakiwa muwe kikundi kilichosajiliwa. Kwa hiyo anzeni baada ya Idi, msingoje mpaka shida ifike. Mabenki pia yapo yenye huduma isiyo ya riba: Amana Bank tangu 2011, na CRDB wana Al Barakah tangu 2021. Ukihitaji cherehani, benki inanunua cherehani na kukuuzia kwa bei yenye faida iliyotajwa. Ulizia tawini wakueleze mkataba, na mkataba usome.

Nimewasema wakopaji na wakopeshaji wa biashara. Sasa wewe ndugu yangu uliyemkopesha jirani yako kwa ajili ya Allah, bila riba, na sasa hakulipi.

Haki yako ipo. Mtume (s.a.w.) aliwahi kudaiwa ngamia, mwenye deni akaja na maneno makali, maswahaba wakataka kumshughulikia. Akawakataza, kwa kuwa mwenye haki ana nafasi ya kusema. Akaagiza alipwe, wakakosa ngamia wa umri ule, wakapata aliye bora zaidi, akasema apewe huyo. (Ndiyo, anayelipa akiongeza kwa hiari yake bila kushurutishwa wala kuzoeshwa, siyo riba. Ila usimkopeshe mtu huku jicho lako liko kwenye ile nyongeza.) Na mwenye uwezo anayezungusha watu ni dhalimu, hilo limo katika hadithi sahihi. Wewe unayedaiwa na mama muuza mkaa elfu arobaini tangu mfungo mosi, halafu jana umeweka kwenye status futari ya kuku mzima na sambusa, yeye pia anaangalia status.

Lakini kama kweli hana, aya ya 280 inasema apewe muda mpaka apate nafuu, na kumsamehe ni bora zaidi. Kati ya kudai chote na kusamehe chote kuna njia ya katikati, na nitawapa kisa chake. Ka'b bin Malik alimdai Ibn Abi Hadrad deni lake ndani ya msikiti wa Mtume. Sauti zikapanda mpaka Mtume akasikia akiwa nyumbani kwake. Akafunua pazia la chumba, akamwita Ka'b, akamwashiria kwa mkono: punguza nusu. Ka'b akakubali palepale. Halafu Mtume akamgeukia yule mwingine akamwambia asimame alipe nusu iliyobaki.

Hapo hakuna aliyeondoka na yote, na hakuna aliyeondoka mikono mitupu. Na nusu iliyosamehewa imeenda sambamba na nusu inayolipwa *sasa*. Mashekhe na wazee wa mtaa, hii kazi ni yetu. Badala ya kusikia ugomvi wa madeni kwenye kibaraza tukageuza shingo, tuwaite wawili, tuwakalishe, tuseme nusu. Mwezi huu nyoyo ni laini kuliko miezi mingine, tuutumie.

La mwisho ni swali lililokuja mara nyingi zaidi wiki hii: "Namdai mtu laki mbili, hana uwezo. Naweza kuisamehe nikaihesabu kuwa ni zaka yangu ya mwaka huu?"

Wenye madeni ni miongoni mwa wale makundi manane wanaopewa zaka katika Suratut Tawba, aya ya 60. Kwa hiyo mtu aliyekopa kwa jambo la halali akaelemewa, anastahiki zaka, hilo halina ubishi. Lakini kumwambia tu "nimekusamehe, hiyo ni zaka", wanazuoni wengi wanasema haitoshi, na ndiyo kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu kama alivyoieleza Imam Nawawi. Zaka ni kutoa na kukabidhi, na hapo hukutoa kitu. Umefuta tu deni ambalo pengine ulishakata tamaa nalo. Wapo waliojuzisha, akiwemo Hasan al-Basri, siwezi kukuficha. Ila ukitaka kutoka kwenye khitilafu, fanya hivi: mpe zaka yako mkononi, laki mbili, bila sharti lolote. Ni mali yake sasa. Akikulipa deni lake kutoka humo kwa hiari yake, umepokea haki yako na zaka yako imetimia. Akiamua kuwanunulia watoto unga na nguo za Idi, zaka yako pia imetimia, na deni lako liko palepale, unamngoja. Usimshike mkono huku unampa.

Na kama wewe humdai mtu, tafuta mmoja tu hapa mtaani anayekimbizwa na wale wa daftari, ukamlipie deni lake la msingi kwa zaka yako. Muulize mama lishe, muulize muuza mitumba, watakuelekeza. Nenda naye mpaka kwa mkopeshaji, ilipwe mbele ya mashahidi, karatasi ichanwe.

Maswali tumeni hapa kabla ya isha, sitajibu wakati wa tarawehe. Akina dada wenye maswali binafsi watume kwa ustadhati, namba yake mnayo. Kesho inshaallah tutaongelea fidia ya funga kwa mgonjwa wa sukari.